Waachishwe Tarehe Tisa

Cuauhtémoc, Jumanne, 4 Oktoba 1983

Bibi yangu mpendwa,

Natumaini unaposoma haya mgongo umekuachia kidogo. Mimi ni mzima, na darasani naendelea vizuri isipokuwa jiometria. Mzee Abram, yule muuza jibini wa dhehebu la Wamenoni, amekubali kutuchukulia barua kila Jumanne na Ijumaa, mradi tusimwombe abebe kuku.

Naandika kuhusu watoto wa Nuez, kijibwa chetu. Leo wametimiza siku kumi na sita. Nilimweleza mwalimu Otilia, anayetufundisha elimu ya viumbe, jinsi Nuez alivyokonda mpaka mbavu zinahesabika, na jinsi Comino alivyo nusu tu ya ndugu zake. Amesema mbwa wa kimo cha Nuez huishiwa nguvu upesi akinyonyesha, na kwamba tusichelewe. Kwa hiyo nakuomba: waachishwe tarehe tisa, watakapofikisha wiki tatu. Namna ya kufanya sitakueleza. Umelea watoto saba na mjukuu mmoja, na ningekuwa sina adabu kukufundisha.

Makubaliano yetu sijayasahau. Pinole ni wa Mama Leocadia, mama yangu wa ubatizo, Chabacano ni wa mjomba Rutilio. Comino, ulisema, kama Siku ya Wafu, tarehe mbili Novemba, itamkuta anakula mwenyewe kwenye sahani, atabaki nyumbani na atakuwa wangu. Kama bado anataka kulishwa, atakwenda kwa dada yake padri kule Bachíniva, kwa kuwa yule mama hana kazi na wewe una matufaha ya kuchambua. Ni haki, wala silalamiki. Ila dada yake padri huwavika mbwa soksi, Bibi. Nakuomba ujitahidi.

Mimi siwezi kuja mpaka Desemba. Nakutegemea wewe.

Mjukuu wako,
Nohemí


Ojo Frío, Ijumaa, 7 Oktoba

Nohemí,

Barua imefika ikinuka jibini. Mgongo uko palepale, haujahama.

Huyo mwalimu wako ana watoto wangapi? Nauliza tu. Mbwa hawa walikuwa ndani ya nyumba hii kabla mama yako hajaota meno, na hatukuwahi kuwaulizia kwa mtu wa mjini. Lakini kuhusu Nuez amesema kweli. Jana alilala karibu na jiko kama kitambaa kilichotupwa, na Pinole akamfuata hukohuko. Nikamwambia, wewe Pinole, huna haya? Hakujibu, mdomo ulikuwa umejaa.

Nimewapima kwenye mizani ya duka la marehemu babu yako. Mawe ya mizani mjomba wako Rutilio aliyapoteza, kwa hiyo nimetumia mayai. Pinole ni mayai sita. Chabacano ni sita kasoro. Comino ni matatu na kidogo.

Tarehe tisa ni Jumapili. Vizuri. Nitawaachisha baada ya misa, Leocadia atakuja kunishikia. Usiwe na wasiwasi, kazi hii naijua. Watalia siku mbili, kisha watasahau.

Matufaha yanaanza Jumatatu. Vaa sweta.

Bibi yako,
Anastasia


Cuauhtémoc, Jumanne, 11 Oktoba

Bibi mpendwa,

Asante kwa barua. Nilimsomea Eréndira, anayelala kitanda cha juu ya changu, na nilipofika kwenye mayai akacheka mpaka msimamizi wa bweni akaja. Bibi, yai si kipimo. Kuku wako wanataga mayai makubwa, wa Mama Leocadia wanataga kama ya njiwa. Nikimwambia mwalimu Otilia kwamba mbwa wangu ana mayai matatu na kidogo, ataniweka kwenye kundi la Eréndira, la wanaochelewa kuelewa. Tafadhali, duka la dawa lina mizani. Andika gramu.

Jambo la pili. Umesema watalia siku mbili. Nimefikiri sana na sikuelewa kwa nini walie. Labda nilikosea kutokueleza, basi naeleza sasa, na unisamehe.

Kuwaachisha si jambo la siku moja. Kwanza wanaendelea kunyonya kama kawaida. Mara nne kwa siku unawawekea kwenye sahani bapa maziwa ya mbuzi yaliyopashwa moto kidogo, yenye nyama ya kuku iliyochemshwa na kusagwa mpaka iwe laini kama uji. Maziwa ya ng'ombe hapana, yanawaharisha. Mwanzoni watalamba kidogo na kukanyaga kingi. Kadiri wanavyozoea sahani, Nuez mwenyewe atawakimbia polepole, na wiki ya saba au ya nane wamemaliza. Comino apate cha kwake peke yake, maana wenzake watamsukuma. Asikae na njaa hata saa chache, wala asipate baridi. Mbwa mdogo kiasi hicho hana akiba mwilini.

Je, bado wananyonya vizuri? Na Nuez, yuko vipi?

Nakupenda sana,
Nohemí


Ojo Frío, Ijumaa, 14 Oktoba

Nohemí,

Duka la dawa liko Cuauhtémoc, na wewe uko Cuauhtémoc. Mimi niko Ojo Frío na kuku. Pinole mayai sita, Chabacano mayai sita, Comino mayai matatu.

Wanakula kila baada ya saa mbili. Maziwa ni ya mbuzi wa Leocadia. Huyo mbuzi ni mwendawazimu, ameshampiga mateke Leocadia na mimi, lakini maziwa yake ni mazito. Pinole na Chabacano wanalamba. Comino mdomo wake ni kama tundu la kifungo, sahani haijui na kijiko hakijui. Namtonea kwa kichupa cha dawa ya macho. Jumatano nilimpa atole kidogo, uji wa mahindi mwepesi, akaharisha. Sijampa tena, kwa hiyo usiniandikie habari ya atole.

Nuez anapumzika jikoni.

Leocadia alikuja kumtazama Comino kichwani. Anasema utosi umeshuka.

Wewe soma jiometria.

Anastasia


Cuauhtémoc, Jumanne, 18 Oktoba

Bibi,

Nimejaribu kuandika barua hii mara tatu ili iwe na adabu. Hii ni ya tatu.

Kwa nini kila baada ya saa mbili? Niliandika mara nne kwa siku. Ukiwashindilia kila saa mbili, watanyonya saa ngapi? Kwa nini kichupa cha dawa ya macho wakati mama yake yupo? Kwa nini atole? Na kwa nini, nikiuliza kama wananyonya, unanijibu kuhusu mbuzi?

Sasa kuhusu utosi. Bibi, mbwa wetu wote wana shimo utosini. Wanazaliwa nalo na wengine wanakufa wazee nalo. Nuez analo! Wewe mwenyewe ndiye uliyenionyesha nilipokuwa mdogo, ukanishika kidole na kusema niguse taratibu. Si ugonjwa. Haushuki, haupandishwi. Nawafahamu Mama Leocadia na wewe, najua mtu akisema utosi umeshuka kinachofuata ni nini. Nakusihi, msimshike Comino miguu kichwa kikiwa chini. Msimkung'ute nyayo. Msimsukume kaakaa kwa kidole, kidole cha Mama Leocadia ni kikubwa kuliko kichwa chenyewe. Msimpake sabuni. Mtamuua.

Nilikuandikia ukurasa mzima na mwalimu Otilia aliusahihisha. Ningeomba usomwe. Eréndira anasema bibi yake pia hasikii la mtu, lakini bibi yake ana miaka tisini.

Siku ya Wafu imebaki wiki mbili.

Nohemí


Ojo Frío, Ijumaa, 21 Oktoba

Nohemí,

Nimesoma ukurasa wako. Niliusoma Jumanne ile, na nimeusoma kila siku. Umebandikwa juu ya jiko kwa unga wa ngano.

Nimefuga mbwa hawa miaka hamsini na moja, na sasa naambiwa wana shimo utosini. Asante, msomi. Shimo nalijua. Nalijua linavyokuwa mbwa akiwa mzima: ngozi iko sawa na mfupa pembeni, unaigusa inadunda. Mwanzoni mwa wiki iliyopita ya Comino ilikuwa hivyo. Alhamisi ya wiki hiyo ikaanza kuzama. Leo imezama, ukiweka harage linakaa. Nikimvuta ngozi ya shingo hairudi, inabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Maziwa nayatona, yanatokea pembeni ya mdomo.

Hatujamshika miguu. Leocadia alitaka, nikamnyang'anya.

Muulize mwalimu wako hilo la harage. Kama kitabu chake kinalo.

Mayai mawili na nusu.

Anastasia


Ojo Frío, Ijumaa, 21 Oktoba

Mwanangu wa ubatizo,

Ni mimi Leocadia. Nimeificha hii ndani ya karatasi ya jibini, Mzee Abram akatazama juu kama haoni, Mungu ambariki. Bibi yako akijua ataninyima hata salamu. Lakini nimeona barua yako ya Jumanne, maana aliniachia niisome alipokuwa anasugua chupa, na nikasema, hapana, huyu mtoto anamfokea mtu bila kujua kilichotokea.

Watoto hawanyonyi, Nohemí. Hawajanyonya tangu tarehe tisa.

Uliandika waachishwe tarehe tisa. Basi tukawaachisha. Tumetoka misa, bibi yako akakata jani la mshubiri pale ukutani, mimi nikamshika Nuez, yeye akampaka chuchu zote nane. Sisi tunaachishaje tena? Ndivyo nilivyoachishwa, ndivyo tulivyowaachisha wetu, shubiri kwenye ziwa, mtoto analamba mara moja, anakunja uso, mambo yamekwisha. Hakuna aliyetuambia mbwa wanaachishwa kwa ratiba.

Watoto walikunja uso, ni kweli. Lakini Nuez naye ni mbwa, akajilamba. Akailamba shubiri yote. Siku mbili alikuwa anaharisha na kutetemeka, bibi yako anambeba kifuani kama mtoto. Tulimwosha kwa maji ya moto na sabuni, lakini maziwa yalikuwa yamekauka, na kila mtoto akimsogelea anamng'ata. Bibi yako akamweka jikoni, akafunga mlango. Jumanne ndipo ukurasa wako ukafika, "kwanza wanaendelea kunyonya kama kawaida." Alikaa nao mkononi muda mrefu sana. Akaniambia, "Usimwambie. Ameandika kwamba ananitegemea."

Tangu hapo ni yeye na kile kichupa. Matufaha hajaenda hata siku moja. Shambani amewaambia ni mgongo.

Na la utosi usimcheke. Wewe ulikuwa na miezi kumi na mmoja mama yako alipopata kazi El Paso, Marekani. Bibi yako alikata jani lilelile la ukutani, mama yako akajipaka ndipo akaondoka, ili usimlilie ziwa. Ukagoma kula siku tatu. Utosi ukazama kama bakuli. Nikakushika miguu mimi, nikakung'uta, kisha tukakaa tunakunywesha maji ya mchele kwa kijiko kutwa nzima. Kipi kilikuponya? Mimi nasema miguu. Bibi yako anasema maji. Tumebishana miaka kumi na mitatu.

Mjibu vizuri.

Mama yako wa ubatizo,
Leocadia


Cuauhtémoc, Jumamosi, 22 Oktoba

Bibi,

Sikungoja Jumanne. Hii inakuja na lori linalorudi na makreti matupu ya matufaha, dereva ameahidi kuifikisha mlangoni.

Nimemkimbilia mwalimu Otilia nyumbani kwake, akiwa bado na taulo kichwani, tukaenda pamoja kwa daktari wa mifugo wa hapa mjini. Nikamsomea barua yako. Nilipofika kwenye harage akanisimamisha akasema, "Rudia hapo." Kisha akasema: "Huyu mama anaona vizuri kuliko wanafunzi wangu." Bibi, ulikuwa sahihi. Shimo liko siku zote, lakini likizama ni kwamba maji yamekwisha mwilini. Na ngozi ya shingo ni dalili hiyohiyo.

Fanya hivi, sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Kwanza mpashe joto, kifuani kwako au kwenye chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa. Mbwa mwenye baridi tumbo halifanyi kazi, usimpe chochote mpaka apate joto. Kisha mpake asali kidogo kwenye fizi. Kisha maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chembe ya chumvi, matone machache kila nusu saa. Maziwa baadaye, akianza kumeza mwenyewe. Atole hapana. (Najua ulishaniambia.)

Mama Leocadia ameniandikia. Usimkasirikie, au mkasirikie kidogo.

Kosa ni langu. Niliandika mstari mmoja mahali pa ukurasa, kwa kuwa niliona haya kukufundisha. Niliona nakuheshimu. Kisha nikakulaumu kwa kufuata nilichoandika. Nimeisoma tena nakala ya barua ya tarehe kumi na nane, sikujua kwamba ninaweza kuandika hivyo kwa mtu aliyekuwa anasugua chupa.

Lakini Bibi, na wewe! Wiki mbili! Nilikuuliza kuhusu Nuez, nilikuuliza kama wananyonya! Ungeandika neno moja tu, daktari yupo mtaa wa tatu kutoka bwenini!

Tafadhali awe hai.

Nohemí


Ojo Frío, Jumanne, 25 Oktoba

Nohemí,

Yuko hai. Nimeliweka mwanzo ili usirukeruke kwenye mistari.

Lori lilifika Jumapili asubuhi. Ijumaa ileile jioni nilikuwa nimeshaanza maji ya mchele na sukari, nikisema liwalo na liwe. Chumvi sikuijua, wala hilo la kupasha joto kwanza, na nafikiri lililomwokoa ni hilo la joto. Nilimweka ndani ya blauzi. Jumapili hiyo mchana akapiga chafya, akanikojolea. Nikafurahi kama mjinga. Utosi umerudi, umebaki kidogo. Mayai matatu kasoro.

Leocadia nimeshazungumza naye. Mdomo wake ni kama geti la zizi lisilo na komeo. Alilia, nikamchemshia kahawa. Sasa anatangaza kijiji kizima kwamba daktari wa mjini amesema bibi yako anaona vizuri. Hilo sikumkataza.

Usijilaumu sana kwa barua ya tarehe kumi na nane. Nilikasirika, kweli. Nilikwambia maneno makali sana hapa jikoni, ukiwa hupo. Tumelipana. Kwa nini sikukwambia? Kwa sababu ya neno moja la barua yako ya kwanza, na usiniulize ni lipi.

Sasa sikia balaa jipya. Comino amepata nguvu, na nguvu zote ameziweka kwenye ukaidi. Anakula kwenye kidole changu. Kuku wako wa kusagwa anampenda, laini kama ulivyosema, lakini lazima awe kwenye kidole, na kidole kiwe hiki cha kulia. Nimemwekea sahani bapa. Akaikalia. Nimemwekea kifuniko cha sufuria. Akakikojolea. Nimemwekea kigae, kibuyu kilichopasuliwa, kitako cha chupa. Nimeinama mpaka goti limelia, nimelamba sahani mimi mwenyewe ili aone inavyofanywa, mwanamke wa miaka sitini na nane. Akanitazama kwa huruma.

Matufaha yameanza kuoza ghalani na Jumatatu wananihitaji bila visingizio. Siwezi kwenda kazini na mbwa kwenye kidole. Makubaliano ni makubaliano, Nohemí. Siku ya Wafu ni Jumatano ijayo. Dada yake padri ameshauliza ana rangi gani.

Anastasia


Cuauhtémoc, Ijumaa, 28 Oktoba

Bibi mpendwa,

Nilisoma neno la kwanza nikalia bafuni, kisha nikasoma mengine nikacheka hukohuko bafuni, mpaka Eréndira akaniuliza kama nina homa.

Lakini kidole, Bibi! Acha kidole! Umemwachisha ziwa ukamwanzisha kidole, na kidole hakina wiki ya nane, hakikauki. Kila siku kishushe kidogo, mpaka kiguse sahani, kisha kiingie ndani ya chakula, kisha kiondoe akiwa hajui. Najua ni rahisi kuandika. Nimekaa kwenye dawati safi naandika, na wewe goti linalia. Lakini jaribu.

Jambo lingine ni la daktari. Aliniuliza, "Mama yao yuko wapi?" Nikasema jikoni, mlango umefungwa, kwa sababu anawang'ata. Akasema aliwang'ata alipokuwa mgonjwa na chuchu zinamwasha, na hiyo ni wiki mbili zilizopita. Amesema mrudishe. Hata bila maziwa. Kuna mambo ya kula ambayo mtoto wa mbwa hujifunza kwa mama yake, na sahani haijui kufundisha. Nikamwuliza mambo gani. Akacheka akasema bibi yangu ataona, na asiharakishe kuokota ufagio. Sikumwelewa.

Bibi, fungua mlango. Nadhani hukuufunga kwa ajili ya kung'atwa tu. Nadhani ni vigumu kumtazama. Hata mimi, kama angekuwa hapa, ingekuwa vigumu.

Sitakuomba ubadilishe makubaliano. Nimefundishwa kutimiza ahadi, tena nimefundishwa na wewe. Ila kama itabidi aende Bachíniva, mwambie yule mama kwamba Comino haguswi utosini ila taratibu.

Mjukuu wako,
Nohemí


Ojo Frío, Jumatano, 2 Novemba

Nohemí,

Naandika leo, barua itaondoka Ijumaa. Naandika kabla sijasahau, na kabla Leocadia hajasimulia kwa namna yake.

Nilifungua mlango Jumamosi. Nuez akatoka, akapita kando ya kikapu cha watoto kama mtu anayepita nyumba ya mdai wake. Nikasema, basi. Jumapili akachungulia. Jumatatu nikaenda kwenye matufaha, nikamwachia Leocadia zamu ya kidole, akaniambia Comino hakukubali kidole chake, alikitazama akageuka. Jana Nuez aliingia kikapuni akalala, Pinole na Chabacano wakampanda, hakung'ata mtu. Comino alikaa pembeni. Anakumbuka ule uchungu, nadhani, au mimi ndiye ninayekumbuka.

Kidole nilikishusha kama ulivyosema. Kikifika kwenye ukingo wa sahani anakiacha, anangoja kipande. Leo asubuhi ilikuwa hivyohivyo. Nikasema yamekwisha. Nikatoa kisanduku cha viatu vyako, nikatandika shali, nikatoboa matundu ya hewa. Mzee Abram alisema angempitisha Bachíniva Ijumaa. Nilikuwa nimeshavaa nguo nyeusi ya kwenda makaburini, Leocadia yuko mlangoni na maua, ananiharakisha kwa lile jina langu la utotoni, "Tacha, marehemu wanatungoja!" Nikamwambia marehemu hawana pa kwenda.

Nuez alikuwa amekula sana, kuku na chapati za mahindi, alikula kwa pupa kuliko siku zote. Akatembea na lile tumbo mpaka kwa Comino. Comino akanyanyuka, akaanza kumlamba mdomo. Analamba, anasukuma kwa pua, analamba tena. Na Nuez akasimama imara, akakunja mgongo mara mbili, akacheua chakula chote mbele yake, pale sakafuni, kinatoa mvuke.

Leocadia akasema, "Ee Mama Mtakatifu, amerudiwa na ile shubiri!" Na mimi nikachukua ufagio. Ndipo nikakumbuka huyo daktari wako, mkono ukasimama hewani.

Comino alinusa. Akaingiza pua. Akala. Nohemí, alikula mpaka masikio yakachafuka, anakoroma kama nguruwe, na Pinole alipomsogelea akamtolea meno, hivyo vijino vya mchele. Nuez amesimama anamtazama kama fundi. Miaka hamsini na moja nimekuwa nikiona hilo na kudhani mbwa anaumwa. Miaka yote hiyo nimekuwa nikifagia.

Lakini ilikuwa sakafuni. Makubaliano yalisema sahani.

Nikaweka ufagio chini. Nikachukua sahani ya kwanza niliyoifikia, ya udongo, ya kulia sisi. Nikapiga magoti na ile nguo ya makaburini, nikayachota yale matapishi ya mbwa kwa mkono wangu huu, yakiwa bado moto, nikayaweka kwenye sahani, yote, na Comino akayafuata akipiga kelele kwamba naiba. Akapanda ndani kwa miguu minne. Akala mpaka sahani ikang'aa. Kidole hakikuwamo.

Leocadia alifungua mdomo.

Nikamwambia, "Umeona sahani, au hukuona?"

Akatazama nguo yangu, akatazama mkono wangu, akamtazama mbwa.

Akasema, "Nimeona sahani."

Bibi yako,
Anastasia